Chuo Maalumu, VETA au kwa Fundi: Kijana Mwenye Ulemavu Aende Wapi Akimaliza Shule?

Kila mwaka ifikapo Novemba, kidato cha nne wakiwa kwenye mitihani, wazazi huanza kunijia mmoja mmoja. Hawaulizi matokeo. Wanauliza, "Mwalimu, huyu sasa nimpeleke wapi?" Nafundisha elimu maalumu mkoani Morogoro, wanafunzi wangu wengi ni viziwi, na zamani swali hilo nilikuwa nalijibu kwa kutazama ulemavu kwanza. Kiziwi, ushonaji. Asiyeona, ualimu au kupokea simu ofisini. Mwenye ulemavu wa miguu, kushona viatu. Mwenye ulemavu wa akili, abaki nyumbani amsaidie mama yake. Wengine wanaendelea kujibu hivyo mpaka leo, na ndiyo maana kuna mitaa yenye mafundi cherehani viziwi sita wanaogombea wateja walewale.

Siku hizi naanza na swali jingine: siku atakayomaliza mafunzo, nani atampa kazi ya kwanza? Nikishapata jibu hapo, ndipo nazungumza na mzazi kuhusu njia. Zipo tatu ambazo familia nyingi za Tanzania zinaweza kuzifikia. Ya kwanza ni vyuo vya serikali vya ufundi stadi kwa watu wenye ulemavu, maarufu kati yake kikiwa Yombo jijini Dar es Salaam, na vingine kama Sabasaba Singida na Luanzari Tabora. Ya pili ni vyuo vya VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi, ambako kijana anasoma pamoja na wasio na ulemavu. Ya tatu ni kujifunza kazini kwa fundi wa mtaani. Nitaziweka pamoja kwa mambo yanayoamua, kisha nitagusa mikopo ya halmashauri na ajira za kuomba, maana hizo huja baadaye.

Atamwelewa nani, na nani atamwelewa?

Hapa chuo maalumu kina nguvu zake zote. Kijana anafika mahali ambapo hakuna anayemshangaa. Walimu wamezoea, wenzake wana ulemavu wa aina mbalimbali, na kama ni kiziwi anakuta watu wa kuongea nao kwa Lugha ya Alama ya Tanzania kuanzia bwenini hadi karakana. Kwa kijana aliyefichwa nyumbani miaka mingi, au aliyeonewa shuleni mpaka akakosa kabisa kujiamini, naona mwaka mmoja wa namna hiyo una thamani kuliko fani yenyewe. Nimewaona wakirudi likizo wakiwa wanatembea tofauti.

VETA ni bahati yako ya chuo gani na mwalimu gani. Sera inasema jumuishi, na wapo walimu wanaojitoa kwelikweli. Lakini kwa kiziwi tatizo linaanzia kwenye nadharia. Kijana aliyekulia kwenye alama huandika Kiswahili kwa mpangilio wa alama: "jana mimi sokoni kwenda nguo nunua". Mwalimu asiyejua anadhani hajaelewa somo. Kwenye vitendo anaongoza darasa, kwenye karatasi anafeli. Ukichagua VETA, nenda chuoni kabla ya kulipa chochote, uulize mambo mawili tu: kuna mkalimani wa alama au mwalimu anayejua alama, na je, mwanafunzi kiziwi huongezewa muda na kusomewa maswali kwa alama wakati wa mtihani? Wakikwambia "tutaona akifika", chukua hilo kama jibu la hapana.

Kwa mwenye kiti mwendo swali ni la ngazi na vyoo. Kijana wangu mmoja alipata nafasi ya umeme wa majumbani katika chuo ambacho sitakitaja. Karakana ilikuwa ghorofa ya kwanza. Wenzake walimbeba kila asubuhi na kila jioni kwa muda wa miezi miwili, kwa moyo mweupe, mpaka yeye mwenyewe akaona aibu ya kuwa mzigo na akaacha kwenda. Somo lingeweza kuhamishiwa chini. Hakuna aliyeomba, mimi nikiwemo, kwa sababu hakuna kati yetu aliyekwenda kuangalia jengo mapema. Tangu hapo sipeleki mtoto chuo ambacho sijakanyaga.

Na kwa fundi? Wengi wanadhani huko ndiko kugumu zaidi, kwa kuwa fundi hajasomea chochote cha ulemavu. Nilichokiona ni kinyume. Nina kijana kiziwi yuko gereji moja pale Msamvu, huu ni mwaka wake wa tatu. Gari ikiletwa inamisi, wenzake wanatega sikio. Yeye anaweka kiganja juu ya boneti, anainamisha kichwa, anasogeza mkono taratibu, kisha anamtazama fundi na kuonyesha vidole vitatu: plagi ya tatu. Siku niliyokwenda kumtembelea alipatia mara mbili. Fundi wake hakujua alama hata moja siku anampokea. Sasa wana alama zao wenyewe ambazo huzikuti katika kamusi yoyote: spana ya kumi ni kufumbua vidole vyote mara moja, ya kumi na nne ni kugusa kiwiko, na "mteja huyu halipi vizuri" wanayo pia. Watu wawili wakifanya kazi moja kutwa nzima, lugha inazaliwa. Katika darasa lenye wanafunzi arobaini haizaliwi kirahisi.

Fedha

Vyuo maalumu serikali hubeba mafunzo, chakula na malazi. Mzazi anabaki na nauli, nguo na mahitaji madogo. Nafasi ni chache kuliko wanaozihitaji, kwa hiyo fomu ziulizie mapema kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako, usingoje tangazo likufikie kijijini.

VETA ada yake kwa miaka mingi imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Inaonekana ndogo, na kweli ni ndogo. Ila weka pembeni fedha za vifaa, ovaroli, viatu vya kazi na, kwa mtoto wetu, gharama ambayo mwenzake hana: bodaboda ya kwenda na kurudi kila siku kwa asiyeweza kupanda daladala. Hiyo peke yake hupita ada ndani ya miezi michache. Kama chuo kina bweni linalofikika, piga hesabu ya bweni kwanza.

Kwa fundi hakuna bei moja. Wapo wanaotoza ada ya kujifunza, wapo wanaochukua bure na kumpa kijana hela ya kula. Hatari hapa ni kijana kugeuzwa kibarua wa kufagia na kuchota maji mwaka mzima bila kushika chombo. Dawa yake ni karatasi moja, hata ya kuandika kwa mkono, yenye saini ya fundi, ya mzazi na ya mwenyekiti wa mtaa: atajifunza nini katika miezi sita ya kwanza, nini katika sita ya pili, ataanza lini kupata sehemu ya malipo ya kazi anayoifanya, na akiumia nani anampeleka hospitali. Mafundi waungwana hawaikatai karatasi hiyo. Anayekasirika kuonyeshwa, mwache.

Cheti kina uzito gani?

Kama lengo ni kuajiriwa kiwandani, hotelini au serikalini, cheti cha VETA kinashinda bila ubishi, kwa sababu kila mwajiri anakijua. Kwa chuo maalumu uliza kama wanafunzi wanafanya mitihani ya VETA au wanatoka na cheti cha chuo peke yake. Tofauti hiyo itaonekana siku ya kupeleka maombi. Kwa fundi kijana anatoka na ujuzi mikononi na wateja wanaomjua jina.

Jambo ambalo wazazi wengi hawalijui ni kwamba aliyejifunza kwa fundi hajafungiwa mlango. VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: kijana anapimwa kwa vitendo, anaonyeshwa mapengo yake, anayaziba, anapewa cheti. Kwa viziwi wangu naona njia hii inawafaa kuliko kuanza na darasa, kwa kuwa mikono inatangulia na karatasi inafuata.

Kesho yake

Sasa nirudi kwenye swali langu la mwanzo. Udhaifu mkubwa wa chuo maalumu uko hapa. Kijana wa Kilosa akisoma Yombo, marafiki wake, walimu wake na mafundi waliomwona akifanya kazi wote wanabaki Dar es Salaam. Anarudi Kilosa na cheti na begi. Hakuna mtu mjini pale aliyewahi kuona mkono wake ukifanya kazi. Wakati huo mwenzake aliyekaa kwa fundi jirani na soko tayari ana wateja wanaomletea suruali za kupunguza. Sisemi mtu asiende Yombo. Nasema ukimpeleka, tumia likizo zake vizuri: kila akirudi, wiki mbili au tatu akae kwa fundi wa mjini kwenu, ili siku ya kumaliza awe mtu anayejulikana.

VETA iko katikati. Mafunzo kwa vitendo viwandani na kwenye karakana yamo ndani ya kozi, na mara nyingi kijana huitwa tena palepale alipofanyia mazoezi. Lakini mtafutieni nafasi hiyo mapema, mzazi na mwalimu kwa pamoja. Mwanafunzi kiziwi akiachwa ajitafutie mwenyewe kwa barua, barua inaishia mapokezi.

Nikilazimika kuchagua

Kwa kiziwi mwenye afya njema na anayependa kazi ya mikono, ningeanza na fundi mzuri, halafu upimaji wa VETA. Kama familia imemficha au amechelewa sana kupata lugha ya alama, chuo maalumu kwanza, kwa ajili ya lugha na kujiamini.

Kwa mwenye ulemavu wa miguu aliyefaulu kidato cha nne, VETA au chuo cha kati, na fani za mezani: umeme wa vifaa, simu, kompyuta, ushonaji, uhasibu. Kinachoamua ni jengo na usafiri.

Kwa asiyeona, mambo yamebadilika zaidi ya wazazi wengi wanavyofikiri. Kazi ya kupokea simu ofisini, iliyowaajiri wengi zamani, imepungua sana tangu kila mtu awe na simu yake mkononi. Lakini kompyuta sasa inasoma maandishi kwa sauti, na programu kama NVDA haiuzwi, inapakuliwa bure. Asiyeona anayeimudu NVDA anaandika barua, anasoma baruapepe na kutunza kumbukumbu za ofisi. Kwa hiyo kama ana akili ya darasani, msukume aendelee hadi chuo kikuu, akachukue ualimu, sheria au ustawi wa jamii, na aombe mkopo wa elimu ya juu akieleza ulemavu wake na kuambatisha uthibitisho. Kama darasa halimvuti, ufugaji wa kuku na utengenezaji wa sabuni nimeona vikifanyika vizuri, mradi kila kitu kina mahali pake pasipohamishwa.

Mwenye ualbino hupelekwa mahali popote kwa kuwa "anatembea na anaona", kisha anaharibikiwa. Anaona kwa shida, na jua linamla ngozi. Uashi, kilimo cha kutwa shambani na uchomeleaji wa nje ningeviweka kando kabisa. Ofisi, mapishi, ufundi simu penye taa nzuri na kioo cha kukuza, hivyo vinawezekana. Losheni ya kujikinga na jua iwe katika bajeti ya kila mwezi kama nauli. Moshi hutengenezwa losheni kwa ajili ya watu wenye ualbino, iliyoanzia hospitali ya KCMC, na chama chao, TAS, kinaweza kukuelekeza pa kuipata karibu nawe.

Na mwenye ulemavu wa akili. Huyu ndiye ninayemfikiria usiku. Vyuo vingi vinadai kusoma na kuandika, na yeye hapo anaachwa. Kinachofanya kazi kwake ni kinyume cha utaratibu wa kawaida: apewe kazi kwanza, afundishwe akiwa palepale. Tulimpata mwenye tanuri la mikate aliyekubali. Mama yake kijana alikaa naye hapo wiki tatu, asubuhi tu. Tukapiga picha kila hatua kwa simu, tukazichapa, tukazibandika ukutani kwa mstari usawa wa macho yake: kopo la unga, maji, chumvi, hamira, kukanda, kufunika, kukata, kupanga kwenye trei. Alikuwa anagusa picha kwa kidole kabla ya kila hatua. Mwezi wa pili aliacha kugusa. Mwezi wa nne zilipochakaa kwa mvuke, mwenye tanuri alitaka kuzibandua, naye akakataa akasema, "Zangu." Ziko pale hadi leo, na kijana anapata mshahara wake kila wiki.

Vipi kuhusu mahali palipojengwa kwa ajili yao?

Zipo karakana na biashara zilizoanzishwa hasa kuwaajiri watu wenye ulemavu. Neema Crafts ya Iringa, iliyoanzishwa 2003, ni mfano mzuri: wanafuma, wanashona, wanatengeneza karatasi, na wahudumu wa mgahawa wao ni viziwi, wewe mteja ndiye unayejifunza kuagiza chai. Arusha kuna Shanga, wanaoyeyusha chupa zilizotupwa kufanya shanga na glasi. Faida yake ni kazi yenye heshima na mshahara katika mazingira yaliyokwisha kurekebishwa. Upungufu wake ni kwamba ni chache, na nyingi hutegemea watalii, kwa hiyo wageni wakipungua biashara inayumba. Ukiwa Iringa au Arusha, nenda kaulize. Ukiwa mbali, usimweke mtoto nyumbani akisubiri nafasi huko.

Kuajiriwa au kujiajiri

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010 inamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea ahakikishe angalau asilimia 3 ya wafanyakazi wake ni watu wenye ulemavu. Piga hesabu: kampuni ya watu 100 inadaiwa watatu. Mzazi au mwalimu anaweza kuingia ofisi ya rasilimali watu akiwa na sheria hiyo mkononi, kwa upole, na kuuliza wamefikia wangapi. Mimi hufanya hivyo na mara nyingi hawajawahi kuulizwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 nayo inakataza kumbagua mtu kwa sababu ya ulemavu. Kwa kazi za serikali, matangazo ya Sekretarieti ya Ajira huwahimiza wenye ulemavu waombe na wabainishe ulemavu wao katika mfumo. Wabainishe kweli. Wapo wanaoficha wakiogopa kukataliwa, kisha wanafika kwenye usaili wa kuandika bila mkalimani wala karatasi ya nukta nundu.

Kuhusu usaili, ombi moja kwa wazazi. Niliwahi kumsindikiza binti kiziwi na mama yake kwenye usaili wa kazi ya ufuaji katika hoteli. Meneja alimwangalia mama kwa dakika zote kumi: "Anajua kupiga pasi? Ana hasira?" Mama akawa anajibu. Binti alikaa katikati yao akitazama midomo. Mwishoni alichukua kalamu ya meneja mezani, akaandika nyuma ya bahasha, "Mimi niulize", akaisukuma mbele. Alipata kazi. Lakini angeanza kuulizwa yeye tangu mwanzo kama mimi na mama yake tungekaa nje.

Upande wa kujiajiri, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023 ikarejeshwa mwaka uliofuata. Nzuri kwake ni kutokuwa na riba, na kwamba mwenye ulemavu halazimiki kuwa na kundi kubwa kama wengine. Ugumu ni kwamba kijana wa miaka 19 asiyewahi kuuza kitu akipewa mkopo wa kununua cherehani tatu, anakuwa na deni kabla ya kuwa na mteja. Ningesubiri. Afanye kazi kwa mtu mwaka mmoja au miwili, ajue bei, ajue wateja wanaokopa na wasiorudisha, ndipo aende kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata na andiko lake.

Kama bado yuko shuleni

Usingoje Novemba ya kidato cha nne, wala mwisho wa darasa la saba kwa walio kwenye vitengo vya msingi. Likizo ya Juni na ya Desemba, kuanzia kidato cha pili, mpeleke sehemu mbili tofauti: wiki moja gereji, wiki moja jikoni kwa mama lishe au kwa fundi simu. Mwisho wa kila wiki muulize fundi mambo matatu: alifika saa ngapi, alichoka baada ya muda gani, na aligusa kitu gani bila kuambiwa. Andika majibu kwenye daftari. Kijana wa Msamvu, baba yake alikuwa ameshamlipia ushonaji. Daftari lake lilionyesha kwamba kwa fundi cherehani alikuwa anatoka nje kila mara gari ilipopita, akainama kuangalia chini yake.